Shaba, Fedha na Dhahabu: Ndugu Watatu wa Ukoo Mmoja

Nilipokuwa mwanafunzi wa darasa la tano, kijijini kwetu upande wa Othaya, baba yangu alinunua mrututu kwa ajili ya mibuni yake. Mwaka uliotangulia ugonjwa wa chule buni ulikuwa umemwachia matunda meusi makavu mahali pa buni, naye aliapa kwamba safari hii mvua haitamkuta hana dawa. Mrututu, kama wasomaji wajuavyo, ni ile chumvi ya rangi ya samawati ambayo ndani yake mna shaba. Jioni ile aliumimina katika pipa la chuma, akatia maji, akakoroga kwa mti mpaka maji yakapendeza macho kwa usamawati wake. Kisha akalifunika, akaenda kulala.

Asubuhi alipolifunua alitoa ukelele. Yale maji yamefifia, yakawa na rangi ya kijani hafifu kama maji ya kuoshea sukumawiki, na pipa lenyewe kwa ndani limegeuka jekundu tangu chini hadi usawa wa maji. Baba hakufikiri mara mbili. Alishika njia mpaka dukani, akamwambia mwenye duka, mbele ya wateja, kwamba amemwuzia rangi ya nguo badala ya dawa. Mwenye duka naye alikuwa mtu wa heshima zake. Tangu siku ile wawili hao hawakuamkiana tena, na sisi watoto tukakatazwa kununua hata kibiriti katika duka lile. Dawa ile dhaifu baba aliinyunyizia vivyo hivyo kwa kuwa hakuwa na fedha ya kununua nyingine. Mvua ikaja, na chule buni ikaja pamoja nayo.

Ilipita miaka minne kabla sijajua ni nani aliyekosa. Nilikuwa nimeingia shule ya sekondari ya misheni, na siku moja mwalimu wetu wa kemia alitia msumari katika gilasi ya maji ya mrututu. Tulitazama tu. Baada ya muda mfupi msumari ulivaa koti jekundu la shaba. Mimi sikuuona msumari. Nililiona pipa la baba.

Habari yenyewe ni hii. Metali zote hazina tabia moja katika kushikamana na vitu vingine. Ziko zenye pupa, ziko zenye kujitenga. Tukizipanga kama vidato vya ngazi, chini tutaweka zile zenye pupa kubwa, kama vile potasi. Juu yake zinki, kisha chuma, kisha risasi. Na juu kabisa, mahali pa wenye kujitenga, tutaikuta shaba, juu yake fedha, na juu ya zote dhahabu. Kanuni ya ngazi hiyo ni kwamba metali ya kidato cha chini huweza kumfukuza wa kidato cha juu katika chumvi yake na kukaa mahali pake. Chuma cha pipa kiliingia katika maji kikaifukuza shaba, na shaba, kwa kuwa haikuwa na pa kwenda, ikajibandika juu ya kuta za pipa. Baba alinunua shaba ya kunyunyizia majani akaitumia kupaka pipa.

Shaba nayo yaweza kufanya vivyo hivyo kwa ndugu yake aliye juu. Ukitumbukiza waya wa shaba katika maji yenye chumvi ya fedha, waya huota manyoya meupe yenye kumetameta, nayo ni fedha tupu, na maji yaliyokuwa meupe huanza kuwa ya samawati kwa ajili ya shaba iliyoingia. Sijapata kuona jambo la kupendeza kuliko hilo katika chumba cha kemia.

Basi twauliza: kwa nini tuwaite ndugu? Dhahabu hukaa vidoleni mwa maarusi, na shaba hukaa katika nyaya za umeme; uhusiano wao ni upi? Jibu limo ndani ya atomu zao. Kila atomu ina kiini, na kukizunguka kiini hicho kuna vitu vidogo mno viitwavyo elektroni, vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Atomu ya shaba ina elektroni 29, ya fedha 47, ya dhahabu 79. Idadi zatofautiana sana, lakini tazama tabaka la nje: kila mmoja wa hao watatu ana elektroni moja tu hapo, na chini yake tabaka lililojaa elektroni 18. Wenye elimu huandika shaba hivi: 2, 8, 18, 1. Fedha ni 2, 8, 18, 18, 1. Dhahabu ni 2, 8, 18, 32, 18, 1. Miisho ni ile ile, na kwa kuwa metali hushughulika na ulimwengu kwa mlango wake wa nje, watu watatu wenye mlango wa namna moja hufanana mwenendo. Ndiyo sababu katika jedwali la elementi, ambalo asili yake ni kazi ya Mrusi Dmitri Mendeleev ya mwaka 1869, watatu hawa wamesimama katika safu moja, mmoja juu ya mwenziwe.

Msomaji mwerevu atasema: potasi nayo, ile iliyomo katika mbolea yetu ya dukani, ina elektroni moja tu nje, mbona ikiwa peke yake hulipuka ikiguswa na maji, na dhahabu hukaa chini ya bahari miaka elfu isibadilike? Swali ni zuri. Potasi imepangwa 2, 8, 8, 1, na kiini chake kina nguvu ya 19 tu. Shaba ina kiini chenye nguvu ya 29, na zile elektroni kumi zilizoongezeka katika tabaka la chini ni ngao mbovu: hazikikingi kiini vizuri, hata nguvu yake ikapenya mpaka nje na kuishika ile elektroni ya mwisho barabara. Potasi ni kama mbuzi aliyefungwa kwa uzi. Shaba ni mbuzi aliyefungwa kwa kamba ya mkonge. Dhahabu amefungwa kwa mnyororo. Wote wana mbuzi mmoja mlangoni, lakini si wote watakaoibiwa.

Dhahabu ina jambo jingine la ajabu, nalo ni rangi yake. Metali karibu zote ni za rangi ya kijivu au nyeupe, isipokuwa shaba na dhahabu. Kiini cha dhahabu ni kizito hata elektroni zilizo karibu nacho hukimbia kwa mwendo unaopita nusu ya mwendo wa mwanga, na kwa mwendo huo kanuni alizozieleza Albert Einstein huanza kufanya kazi. Tabaka hukazwa, nafasi kati yao hubadilika, na matokeo yake ni kwamba dhahabu humeza sehemu ya samawati ya nuru ya jua na kuturudishia manjano. Fedha haimezi chochote katika nuru tunayoiona, bali huirudisha yote, na kwa hiyo ni nyeupe kama kioo.

Katika kupitisha umeme ndugu hawa watatu wanashika nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kati ya metali zote: fedha kwanza, shaba ya pili, dhahabu ya tatu. Kwa sababu ya bei, shaba ndiyo iliyopewa kazi, na kwa sababu ya kazi hiyo imepata wezi. Sisi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki twajua maana ya kukaa gizani kwa ajili ya mtu aliyefungua transfoma akachukua shaba iliyomo. Uharibifu huo ulizidi hata serikali ya Kenya ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu mnamo Januari 2022, na marufuku hiyo ikaondolewa mwezi wa Mei mwaka ule ule.

Mlima wetu ulijengwa na volkeno iliyozimika zamani, na sifa yake ni maji na udongo, wala si machimbo. Anayetaka kuwaona ndugu watatu wakitoka katika shimo moja hana budi kusafiri mpaka Migori, karibu na ziwa, ambako mgodi wa Macalder ulitoa shaba, fedha na dhahabu kutoka mwamba mmoja mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Hilo halikutokea kwa bahati. Vitu vyenye tabia moja huyeyuka pamoja katika maji ya moto ya chini ya ardhi, husafiri pamoja, na aghalabu hulala pamoja. Huko Migori watu wangali wanachimba dhahabu kwa mikono, wengi wao wakiikamata kwa zebaki na kisha kuichoma zebaki hiyo wazi, wakivuta moshi wake. Dhahabu huingia katika zebaki kwa urahisi. Lakini moshi ule huharibu akili na viungo, na mtoto aliye tumboni huathirika kuliko mama yake.

Babu zetu wa mlimani waliwajua ndugu hawa kabla ya kuwa na jina la kemia. Misafara ya kutoka pwani ilileta masango, yaani nyaya nene za shaba nyekundu na shaba nyeupe, na wahunzi wakazikunja kuwa bangili na vipuli. Huko pwani kwenyewe watatu wote walipata kupigwa chapa kuwa sarafu. Masultani wa Kilwa walitoa sarafu nyingi za shaba zenye majina yao. Na mwaka 1984, Mtambwe Mkuu katika kisiwa cha Pemba, zilichimbuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Sifahamu hazina nyingine ya Waswahili inayotupa somo letu kwa ufupi kama hiyo.

Sarafu za Afrika ya Mashariki za wakati wa ukoloni nazo zilikuwa za ukoo huu, ila ukoo uliopunguzwa. Shilingi iliyotolewa mwaka 1921 ilikuwa na robo moja tu ya fedha, na sehemu kubwa ya iliyobaki ilikuwa shaba. Kuanzia mwaka 1948 hata robo hiyo iliondolewa, ikawa shaba na nikeli. Zile senti zenye tundu, ambazo akina nyanya walizitunga katika uzi, zilikuwa hasa za shaba iliyochanganywa na metali nyingine kidogo. Ukiiona shilingi ya kabla ya 1948 imekuwa nyeusi, usidhani ni kutu. Fedha haijali hewa safi, lakini haiwezi kustahimili kiberiti upele, na kiberiti kimo katika mayai, katika vitunguu na katika jasho la mwanadamu. Mama mwenye kipuli cha fedha kilichofanya weusi atandike karatasi ya aluminiamu ndani ya bakuli, atie maji ya moto na kijiko cha magadi soda, kisha akilaze kipuli juu yake. Aluminiamu, iliyo chini sana katika ngazi yetu, itakipokea kile kiberiti, na fedha itarudi weupe wake.

Makarani wenzangu waliosimamia vituo vya kura wanamjua huyu ndugu wa pili kwa njia nyingine. Wino unaopakwa kidoleni ili mtu asipige kura mara mbili una chumvi ya fedha ndani yake. Mwanga ukiupiga, chumvi hiyo huvunjika na kuacha fedha safi ndogondogo ndani ya ngozi, nayo huonekana nyeusi. Sabuni haiwezi kitu. Mtu husubiri ngozi yenyewe imenyuke na kucha ikue. Picha za zamani zilipigwa kwa tabia hiyo hiyo.

Wilaya yetu imepata sehemu yake ya heshima katika metali hizi. Catherine Ndereba, mzaliwa wa Gatunganga, alileta nishani ya fedha ya mbio za marathoni kutoka Athens mwaka 2004, na nyingine kutoka Beijing mwaka 2008. Wengine walihuzunika kwamba hazikuwa dhahabu. Na wajue kwamba nishani ya dhahabu ya Olimpiki, kwa kanuni, ni fedha iliyopakwa dhahabu isiyopungua gramu 6. Kwa uzito, mshindi wa kwanza naye huvaa fedha. Ni Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, aliyepokea dhahabu iliyo dhahabu hasa, ile nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004, ambayo ni ya karati 18, maana yake sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu.

Nishani za Nobel zina kisa chao. Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipoingia Copenhagen, katika chuo cha Niels Bohr zilikuwamo nishani mbili za wataalamu Max von Laue na James Franck, na kuonekana kwake kungewatia hatarini. George de Hevesy hakuzizika, aliziyeyusha. Asidi moja peke yake haiwezi kuila dhahabu, lakini asidi ya nitriki na asidi ya hidrokloriki zikichanganywa, moja kwa tatu, hushirikiana kama wawindaji wawili: moja huing'oa elektroni, na ya pili huifungia dhahabu isirudi. Chupa ya maji ya manjano ikakaa rafuni vita vyote, wala askari hawakuijali. Vita vilipokwisha dhahabu ilitolewa katika maji yale, nishani zikatengenezwa upya, na mwaka 1952 Franck alirudishiwa ya kwake.

Kwa bahati mbaya dhahabu nyingi inayotajwa katika miji yetu haihitaji asidi mbili. Binamu yangu, baada ya kupokea malipo ya kahawa ya mwaka mzima, alikutana na watu wawili waungwana sana waliokuwa na kipande cha "dhahabu ya Kongo", nao walikuwa na haraka ya kurudi kwao. Aliniletea nikione siku iliyofuata, yaani siku moja baada ya ushauri wangu kuwa na faida. Nilikipima kwa mizani: gramu 340. Nikakizamisha katika chombo cha kupimia maji. Maji yakapanda mililita 40. Gawanya 340 kwa 40, wapata 8.5. Maji ni 1, shaba ni karibu 9, fedha 10.5, dhahabu 19.3. Kipande cha dhahabu cha ukubwa ule kingekuwa na uzito wa gramu 772. Kile cha binamu kilikuwa shaba nyeupe, yaani shaba na zinki, iliyosuguliwa vizuri. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniomba nisimwambie mkewe hesabu ile. Kipimo hiki hakigharimu hata senti: kisanduku cha kiberiti kikijazwa dhahabu kingekuwa na uzito wa yapata nusu kilo, na mkono usiozoea ungeshtuka kukiinua.

Sasa nirudi shambani, maana ndiko shaba inakotuhusu zaidi. Chule buni ilionekana Kenya mara ya kwanza mwaka 1922, upande wa magharibi, na katika miaka ya 1950 ikawa imefika huku mashariki ya Bonde la Ufa. Shaba haiponyi tunda lililokwisha oza; kazi yake ni kukaa juu ya ngozi ya tunda na kuiua mbegu ya kuvu inapoanza kuchipua penye unyevu. Kwa hiyo hutangulia mvua, wala haifuati. Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian, iliyotolewa mwaka 2010 na kupewa jina la kilele cha mlima wetu, hustahimili ugonjwa huo. Lakini wenye SL28 na SL34, ambazo ladha yake wanunuzi huisifu sana, wangali wanahitaji bomba la dawa mgongoni. Nao wakumbuke kwamba shaba ni elementi. Haiozi kama majani. Inayodondoka udongoni hubaki udongoni, mwaka juu ya mwaka. Kondoo hasa wasiachiwe kula nyasi chini ya mibuni iliyonyunyiziwa, maana kati ya mifugo yetu hakuna anayedhurika kwa shaba upesi kama yeye.

Dawa za shaba za siku hizi huja zikiwa unga ulio tayari. Zamani mkulima alijichanganyia mwenyewe mrututu na chokaa, namna iliyoanzia katika mizabibu ya Bordeaux, Ufaransa, na kutangazwa mwaka 1885 na Pierre Millardet: kilo moja ya mrututu, kilo moja ya chokaa, lita 100 za maji. Mrututu huyeyushwa katika chombo cha mti, cha udongo au cha plastiki, wala si cha chuma. Chokaa isipotosha, mrututu uliobaki huunguza majani. Wazee walijua kipimo chake: chovya kisu cha chuma cha kawaida, si kile cha kung'aa kisichoshika kutu, ungoje dakika moja. Kikitoka safi, dawa iko tayari. Kikitoka chekundu, ongeza chokaa.

Kipimo hicho nilimweleza baba likizo ile ya kwanza kutoka sekondari, pamoja na habari ya msumari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: kwamba, je, mrututu ule ulikuwa mzuri? Nikamjibu ulikuwa mzuri. Hakusema neno, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Jumamosi asubuhi alivaa koti lake la kanisani, akashika njia ya dukani, na aliporudi alikuwa na pakiti ya majani ya chai ambayo, alisema, hakuilipia.